Foromali na vinywa vya safari

Wanaosimulia majahazi huanza na upepo. Mimi ningeanza na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kwa kuwa ndio uliopanga maisha yote ya chombo.

Mwishoni mwa 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda bumu, aina ya jahazi, la Kuwait huko Aden. Nahodha alikuwa Ali bin Nasir Najdi. Waliteremka na kaskazi hadi Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji kutafuta boriti. Kupandisha foromali la bumu kubwa kulitaka mabaharia karibu wote wavute kamba kwa pamoja, huku wakiimba. Kulihamisha upande wa pili kulikuwa kugumu zaidi: lazima lisimamishwe wima, lipitishwe mbele ya mlingoti, na tanga lizungushwe nalo. Ndiyo maana manahodha walipenda kugeuza chombo kwa kuupa upepo tezi, hata kama walirudi nyuma kidogo.

Lakini kaskazi ikishika vizuri, tanga huweza kukaa siku nzima bila kuguswa. Mikono iliyohitajika kwa saa moja ikawa vinywa vya safari nzima. Baharia basi hakuachwa akae bure: alishona tanga, alisokota kamba, alitupa mshipi. Walikula wali, samaki, tende na mikate iliyopikwa sitahani, juu ya moto wa kuni. Maji yalikaa kwenye matangi ya mbao. Abiria wengi waliopakiwa pwani ya Hadhramaut walilala na kuswali hapo hapo sitahani. Choo kilikuwa kisanduku kilichoning'inia nje ya ubavu. Mshahara haukuwapo, kila mmoja alingoja fungu lake msimu ukiisha. Kwa hiyo baharia wa ziada alikula mara mbili: wali wa leo na sehemu ya fungu la wenzake.

Hesabu hiyo ya mikono na vinywa ilijulikana hata hapa Taveta, mbali na bahari, enzi za misafara ya wapagazi. Msafara uliotoka Mombasa ulipita Rabai, ukaingia nyika ya Taru, ambako maji yalikuwa ya ngurunga, mashimo ya mwambani yanayokinga mvua. Kutoka Taru hadi Maungu palikuwa pakavu. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, na kibuyu cha maji kilikuwa mzigo juu ya mzigo. Tena yeye hakuwa na kaskazi ya kumpumzisha. Upepo ulikuwa miguu yake. Dawa ilikuwa kuterekeza: watu wanywe washibe, waondoke mchana, walale pasipo maji, wayafikie mengine kesho yake.

Taveta ndiyo iliyokuwa bandari yao. Kwenye msitu wa mto Lumi palikuwa na kivuli, ndizi na chakula cha kununua, kwa hiyo vinywa vingi havikutisha tena na mikono ikapata kazi nyingine. Joseph Thomson, mpelelezi wa Scotland, alipopumzika hapa mwaka 1883, kabla ya kuingia Umasaini, watu wake walikaa chini kutunga shanga upya, uzi kwa uzi, kwa urefu ambao Wamasai waliukubali. Shanga zilizotungwa kwa kipimo kingine zisingelipa hongo, ushuru wa kupita, njiani, hata kama zimebebwa kichwani tangu Mombasa.