Kazi ya Sauti ya Pili

Mlevi katika nyimbo zetu nyingi huwa peke yake. Anasemwa, anaonywa, anaombewa, na ubeti wa tatu ukiisha ama amekufa ama ameokoka. Anayemwimbia amesimama ng'ambo, salama. Nimerudi kusikiliza rap ya wawili wawili iliyotoka Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikitafuta sababu ya nyimbo chache kati ya hizo kumfikia mtu aliyezama au aliyekata tamaa, pale ambapo mahubiri hayamfikii. Sababu niliyoiona ni ya kiufundi. Nyimbo hizo zina sauti ya pili, na sauti hiyo imepewa kazi ya kufanya.

Hapa Sultan Hamud suala hili lina uzito wake. Mji huu, uliopata jina kwa Sultani Hamud bin Muhammed wa Zanzibar aliyekuja kuitazama reli ikijengwa mwishoni mwa karne ya 19, umeishi kwa wapita njia tangu mwanzo: kwanza garimoshi, siku hizi malori ya barabara ya Mombasa. Dereva hutafuna muguka ili asilale, kisha hunywa ili alale, na kijana anayempakulia mzigo anajifunza kwake yote mawili. Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, Makueni na Kitui zikiwamo, na baadhi ya walionusurika wakapoteza macho. Tangu wakati huo tumeonywa kwenye baraza za chifu, makanisani na redioni. Maonyo yenyewe ni ya kweli, lakini yote huja kwa sauti moja, kutoka juu kwenda chini, na anayeonywa hapewi nafasi ya kujibu.

Tuanze na Mashifta, yaani Kitu Sewer na G-Wiji, waliotoka katika ukoo mkubwa wa wasanii wa Ukoo Flani Mau Mau. Wimbo wao uliovuma sana unaitwa Pesa, Pombe, Siasa na Wanawake, na nusu ya kazi imefanywa na jina hilo kabla ubeti wa kwanza haujaanza. Litamke polepole. Maneno mawili ya kwanza yana silabi mbili mbili na yote yanaanza kwa p, kwa hiyo midomo inafunga na kupasua mara mbili mfululizo. La tatu lina silabi tatu, la mwisho nne. Mkazo unakaa pale Kiswahili kinapouweka siku zote, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini nafasi kati ya mkazo mmoja na unaofuata inapanuka: silabi mbili, kisha tatu, kisha tano. Orodha inaanza kwa kugonga na inaishia kwa kutambaa. Mtu akiisikia mara moja anaweza kuirudia, hata akiwa amelewa, na nadhani hilo lilikuwa muhimu kwa wimbo uliokusudiwa kuingia kwenye baa.

Angalia pia pombe imewekwa wapi. Imekaa kati ya pesa na siasa. Aliyeshuhudia kampeni za huku kwetu Ukambani haelezwi zaidi: pesa zinatoka, vinywaji vinamwagwa, kura inaombwa. Kwa mpangilio wa maneno tu, ulevi umeondolewa kwenye aibu ya mtu mmoja nyumbani kwake na kutiwa kwenye mnyororo wenye muuzaji, mfadhili na mgombea. Wasikilizaji wa kwanza wa Mashifta walikuwa bado wanakumbuka Novemba 2000, pombe haramu iitwayo kumi kumi ilipoua zaidi ya watu 100 Nairobi, hasa katika vibanda vya Mukuru. Hawakuhitaji kuambiwa kuwa pombe inaua. Wimbo uliwapa kitu ambacho tangazo la serikali halikuwapa, nacho ni majirani wa pombe, mmoja kulia na mwingine kushoto.

Kosa la orodha hiyo ni neno la nne. Wanawake wamehesabiwa miongoni mwa vitu vinavyomwangusha mwanamume, ilhali mwanamume akifa kwa pombe ya sumu, anayebaki na watoto na madeni mara nyingi ni mwanamke. Naelewa kwa nini neno lilipita. Lina silabi zinazotakiwa na linaufunga mstari vizuri. Hiyo ndiyo hatari ya mizani iliyokaa sawa: hupitisha wazo ambalo lingezuiwa mlangoni kama lingesemwa kwa maneno ya kawaida.

Sasa niingie kwenye sauti ya pili yenyewe. Kuchana kunamaliza pumzi. Msanii wa peke yake akiwa studio hujirekodi mara mbili: mara ya kwanza mstari mzima, mara ya pili maneno ya mwisho tu, ili vina visimame na yeye apate pa kuvuta hewa. Sauti hiyo ya juu ni yake mwenyewe, kwa hiyo inakubali kila alichosema. Wakiwa wawili, anayemalizia mstari ana koo lake na mwendo wake. Anaweza kukubali, kuguna, kukatiza, au kunyamaza pale alipotarajiwa kuitikia. Ubeti ule ule, maneno yale yale, unaweza kugeuka kuwa ungamo au majigambo kwa kutegemea tu mwenzake amelidaka vipi neno la mwisho.

Na uraibu wenyewe ni mazungumzo ya wawili ndani ya mtu mmoja. Kuna anayeapa kwamba leo ndiyo mwisho, na kuna anayesema moja tu ya kulalia. Msanii wa peke yake lazima aigize wote. Wawili wana wahusika tayari. Niliwahi kuwaangalia waendesha bodaboda wawili kwenye stage ya hapa mjini wakiimbia spika iliyofungwa kwenye pikipiki. Mmoja alichana ubeti wote, macho chini. Mwenzake alingoja miisho tu, akilidaka kila neno la mwisho, na neno lolote la pombe lilipofika alilivuta huku akimtazama usoni. Baada ya mistari michache yule wa kwanza akaanza kuyaruka maneno hayo. Hakuna aliyemwambia kitu. Sijaona onyo lililofanya kazi haraka kuliko lile.

Sikio la Ukambani lilikuwa limekwisha kuzoezwa. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walitufundisha benga ambamo sauti hutembea mbili mbili, moja juu ya nyingine, magitaa yakijibizana chini yake. Pwani nao walikuwa na majibizano ya kishairi karne mbili zilizopita, Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu wakitumiana beti wakati miji yao ikipigana. Rap ya wawili ilipofika haikutukuta mikono mitupu. Ndiyo maana sipendi kuisikia ikielezwa kana kwamba ilishuka kutoka Marekani ikiwa imekamilika.

Linganisha rap hiyo ya wawili na Langa Kileo wa Dar es Salaam. Alijulikana mwaka 2004 na kundi la Wakilisha, kisha akaendelea peke yake, na alikuwa na ujasiri ambao wengi hawakuwa nao: alisema hadharani kuwa alitumia dawa za kulevya, akawaonya vijana kwa jina lake mwenyewe. Alifariki Juni 2013, akiwa bado kijana. Namtaja kwa heshima, na kwa sababu safari yake inaonyesha mzigo wa anayebeba habari hii bila mwenzake. Anatakiwa awe mgonjwa na shahidi kwa pamoja. Ndani ya ubeti lazima aanguke, na ndani ya ubeti huo huo lazima atoke nje atueleze kwamba ameanguka. Mtu wa pili angempunguzia kazi moja.

Kukata tamaa kuna ufundi wake tofauti kidogo, na kundi la Wagosi wa Kaya wa Tanga waliuonyesha mapema. Dr. John na Mkoloni walipotoa Tanga Kunani, walimwacha mtu mmoja mmoja wakauhoji mji mzima: viwanda vimekwenda wapi, nani alaumiwe. Waliimba kwa lafudhi ya kwao, ile ya wagosi, na lafudhi hiyo ikawa kama shahidi wa tatu, kwa sababu hakuna mgeni angeweza kuisema Tanga hivyo. Jina la wimbo ni swali. Swali linadai mtu wa kujibu, na papo hapo umeshapata nafasi ya sauti ya pili. Msanii wa Sultan Hamud anayeutazama mji wake tangu treni za abiria za reli mpya zianze kusimama Emali badala ya hapa angeweza kujifunza mengi kutokana na swali hilo moja.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na Gidi Gidi na Maji Maji, yaani Joseph Ogidi na Julius Owino. Walikuwa wameshatoa albamu ya Ismarwa, wanajulikana, na bado hawana kitu. Wenyewe wamesimulia kuwa Unbwogable ulizaliwa katika ukata, kodi ya nyumba ikiwadai. Ulitoka mwaka 2002, chini ya mtayarishaji Tedd Josiah. Ni wimbo wa watu waliokuwa na kila sababu ya kukata tamaa, na ninavyousikia mimi ufundi wake uko kwenye mgawanyo wa lugha. Beti ni za Kidholuo. Humo mna shida, mna majina ya viongozi na mashujaa wa Waluo walio hai na waliokufa, yanaitwa moja baada ya jingine kama mtu anayehesabu ndugu atakaowakimbilia. Kiitikio ni cha Kiingereza kilichopandikizwa kitenzi cha Kidholuo cha kutisha, na neno hilo moja ndilo jina la wimbo: asiyetishika.

Kiitikio kimejengwa kwa swali na jibu. Kinauliza nani awezaye kunitisha, na jibu linafuata kabla hofu haijapata nafasi. Katika beti wawili hao wanapokezana. Kwenye kiitikio wanafanya jambo ambalo sijaona wawili wengine wakilifanya kwa mafanikio kama hayo: nafasi ya sauti ya pili wanaiachia umati. Swali ni fupi, jibu nalo ni fupi, na asiyejua Kidholuo hata neno moja anaweza kujibu. Mtu anayedaiwa kodi akiimba hivyo chumbani ni mtu anayejipa moyo. Akijibiwa na uwanja mzima, amekuwa mtu mwingine.

Oktoba mwaka huo vyama vya upinzani viliungana kuwa NARC, na wimbo ukachukuliwa kwenye kampeni. Charity Ngilu na Kalonzo Musyoka, wote wa Kitui, walikuwa ndani ya muungano huo, kwa hiyo kiitikio cha vijana wa Kiluo kilipanda hadi kwetu na kuitikiwa na watu ambao beti zilikuwa kelele tu masikioni mwao. Tarehe 3 Desemba mgombea urais wa muungano huo, Mwai Kibaki, alipata ajali kwenye barabara hii hii ya Mombasa, karibu na njiapanda ya Machakos, akirudi Nairobi kutoka kampeni. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27, na siku tatu baadaye akaapishwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Wimbo kuhusu kutoogopa ulikuwa umepata mwili uliojeruhiwa wa kuusimamia, jambo ambalo hakuna mtayarishaji angelipanga studio.

Joyce Nyairo na James Ogude waliuchambua kwa kina mwaka 2005 katika jarida la African Affairs, na anayetaka siasa yake aende huko. Langu ni dogo zaidi. Ufundi uleule ulioufikisha wimbo Ukambani ndio uliozipoteza beti. Kiitikio chepesi kilisafiri, shida ikabaki Kidholuo. Wimbo wa watu waliodaiwa kodi ukawa wimbo wa watu waliokuwa wakiitafuta Ikulu, na kwenye mikutano hakuna aliyekumbuka kuwa mwanzo wake ni njaa. Ninaumia kila ninapolifikiria hilo, maana mtu wa Makueni aliyekuwa na njaa ya aina hiyo mwaka 2002 angezihitaji zile beti kuliko kiitikio. Mashifta, kwa Sheng yao, walisafiri polepole zaidi na wakafika na mzigo wao wote.

Kujijenga upya kwa Gidi mwenyewe kunanirudisha kwenye hoja yangu kwa njia ambayo sikuitarajia. Alihamia redio, na kwa miaka mingi ameendesha kipindi cha asubuhi cha Radio Jambo pamoja na Jacob "Ghost" Mulee, kocha wa zamani wa Harambee Stars. Sehemu inayosikilizwa zaidi ni Patanisho. Mtu anaomba apatanishwe na mke, mume, mzazi au rafiki waliyekosana, na watangazaji wanampigia yule mwingine simu hewani. Pombe hutajwa humo mara kwa mara, na mara nyingi mwombaji ndiye aliyekuwa akinywa. Kwenye matatu ya Emali au kwenye kibanda cha chai hapa Sultan Hamud, watu huacha kuzungumza simu ya pili inapoanza kuita.

Kifundi, hiyo ni rap ya wawili iliyovuliwa mdundo. Mwombaji amejiandaa: ana maneno yake ya kutubu, ameyapanga, yana mwendo. Wa pili ameamshwa na simu, hana mstari hata mmoja tayari, na bado ndiye anayeamua mazungumzo yaende wapi. Wakati mwingine anasamehe. Wakati mwingine anataja siku, kiasi cha pesa, jina la mtoto, na toba yote iliyopangwa inavunjika. Mara nyingine anakata simu tu. Vijana wanaorekodi nyimbo za kuonya ulevi katika studio ndogo za Wote, Kitui na Emali wanamwandikia yule wa kwanza kila siku. Huyu wa pili, mwenye tarehe na kiasi cha pesa mdomoni, bado sijamsikia kwenye biti yoyote ya kwetu.