Chombo Kilichoshonwa

Msomaji, yamkini umefundishwa kuwa ustaarabu wa Wayunani na Warumi hutazamwa katika sanamu za mawe zilizowekwa London na Roma. Wanafunzi wangu wa Baba Dogo, ambao kila asubuhi hupita mbele ya malango ya viwanda, waliniuliza sanamu hizo zinawahusu nini. Lilikuwa swali la haki, nami siku ile sikuwa na jawabu.

Jawabu nililipata Lamu, katika jumba la makumbusho, mbele ya mfano mdogo wa mtepe. Mtepe ni chombo kisichopigwa msumari: mbao zake zilitobolewa zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Nikakumbuka kitabu kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Misri ikiwa chini ya Roma. Asema kuwa soko la mwisho la pwani yetu liliitwa Rhapta kwa sababu ya mashua zake zilizoshonwa, maana kushona kwa Kiyunani ni rhaptein. Ametaja pia kisiwa ambacho watu wake walitega kasa kwa vikapu penye milango ya maji. Mvuvi wa leo mwenye dema hahitaji kufasiriwa maneno hayo.

Kitabu hicho husifiwa sana. Mimi nakisifu kwa kiasi. Mwandishi ana jicho kali la biashara: pembe za ndovu, vipusa, magamba ya kasa, mashoka, visu na vitu vya kioo, vyote amevitaja. Lakini sikio hana. Hakutuambia wenyeji walikiitaje chombo chao. Aliuona uzi, akatuachia neno la lugha yake. Sisemi kuwa mtepe wa Lamu ndio mashua zile zile, kwani miaka elfu mbili si siku mbili. Nasema kuwa asiyepata kuuona mshono hulisoma neno Rhapta kama jina tupu.

Tena neno hilo lina ndugu. Wayunani walimwita mghani wa tenzi rhapsodos, yaani mshona nyimbo. Nasi twatunga ushanga, na kwa neno lilo hilo twatunga shairi. Nilipoyaandika hayo ubaoni, yule aliyeniuliza kwanza akataka kujua kama Homer alizijua merikebu za kushonwa. Nikamfungulia kitabu cha pili cha Iliad, pale Agamemnon anapotaja hali ya mbao na kamba za merikebu baada ya miaka tisa ya vita.