Penga Penga haihesabiwe ku vyeo

Bandugu, sisemi fakilte yetu ya agronomia hapa Kasapa haifanye kazi. Inafanya. Chukueni Penga Penga. Tangu 1911 tanuru ya shaba ilikuwa inatoa moshi na upepo unaupeleka ule upande, mpaka udongo ukabakia uchi: shaba kibao, asidi kibao, majani hakuna. Watafiti ba kwetu, na wenzao ba Gembloux na Bruxelles, walileta chokaa na mbolea ya kuoza, wakapanda Microchloa altera, kanyasi ka hapa hapa Katanga kenye kuzoea shaba. Kakashika. Hiyo si kazi ya mchezo, nitaitetea mbele ya mtu yeyote.

Lakini matokeo ya miaka mitatu ya ile kazi yalitokea wapi? Mu jarida la Kingereza, 2015. Sasa mama wa Penga Penga mwenye kulima lengalenga nyuma ya nyumba, mu ule ule udongo, atayasoma namna gani?

Kosa si ya mtafiti mmoja mmoja. Ni ya mizani. Asistanti akitaka kupanda shefu wa travo, wanahesabu makala (ya kusoma, si ile ya kupikia, hata kama ile ya kupikia njo inamaliza miombo yetu na nayo ingefaa kuhesabiwa). Shefu wa travo akitaka kuwa profesa, anatafuta teze, na mara mingi teze inangojea bursi ya Ulaya. Ku karatasi chuo kina kazi tatu: kufundisha, kutafuta, kutumikia jamii. Ya tatu tunaitaja ku hotuba, kisha tunaiweka pembeni.

Mutasema: asistanti analipwa kidogo, kuna benye kufundisha miaka na Serikali haijawalipa hata franka moja. Ni kweli kabisa. Mutu mwenye kukimbia asubuhi chuo hiki, mchana kingine, atarudia Penga Penga saa ngapi? Na franka za proje zikiisha, shamba la majaribio linarudia kichaka. Njo hivi mji wenye fakilte ya agronomia unakula bukari ya unga ya Zambia, na Lusaka ikifunga mahindi yake tu, bei ya hapa inaruka.

Mishahara, asosiasyo yetu haina nguvu ya kuipandisha. Ila kuna kitu fakilte inaweza kuanza bila kungojea Kinshasa: memwari ao teze ya udongo isipite bila kurasa mbili za Kiswahili, na siku moja ya kuzisoma mbele ya benye mashamba. Juri ikale pale pale, chini ya muti. Mama akiuliza, «Basi mwaka huu nipande nini?», isikie jibu, na ile jibu nayo ipewe pointi.