Morfini ya Maji na Saini ya Muuguzi

Hospitali ndogo ikitangaza kwamba imepata daktari wa maumivu, watu huulizia vifaa kwanza. Ataletewa mashine gani? Atachoma sindano za uti wa mgongo? Maswali hayo yana asili yake. Mtaalamu wa dawa za usingizi, John Bonica, alifungua kliniki ya maumivu katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, mwaka 1960, akawakusanya madaktari wa fani mbalimbali kumhudumia mgonjwa mmoja. Kazi yake inastahili heshima. Lakini kwa hospitali yenye wodi nne, famasi ya dirisha moja na daktari anayeitwa usiku kutoka nyumbani, mfano wa kuchambua uko Kampala.

Septemba 1993, Dkt. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi Hospice, alianzisha Hospice Africa Uganda, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Hospitali ya Nsambya ilimwazima nyumba yenye vyumba viwili vya kulala. Timu yake ilikuwa ndogo, na fedha zilitosha miezi mitatu. Ila kabla ya kukubali kuanza alikuwa ameweka sharti moja mbele ya serikali: unga wa morfini uruhusiwe kuingia nchini. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la kwanza la kitaalamu alilolifanya, ingawa halikuhusu mgonjwa yeyote kitandani. Daktari wa maumivu asiye na morfini hubaki kuwapa watu pole.

Unga wenyewe hauna maajabu. Unapimwa kwa mizani, unachanganywa na maji safi, unatiwa kihifadhi ili usiote ukungu, kisha rangi. Merriman aliutengeneza mchanganyiko huo Singapore pamoja na wafamasia, na nchini Uganda ukawa dawa ya kila siku. Rangi ina kazi. Ya kijani ni nyepesi, miligramu 5 katika mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ya waridi ina nguvu mara kumi. Mama asiyejua kusoma lebo, anayemuuguza mumewe kwa taa ya chemli, anatambua kwa macho kwamba chupa aliyopewa leo si ile ya juzi.

Tuangalie hesabu, maana hapa ndipo huduma inaposimama au kuanguka. Mgonjwa mwenye nguvu kiasi, mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyofika kwenye mifupa ya nyonga, anaweza kuanzishiwa miligramu 5 kila baada ya saa nne. Mzee aliyedhoofika huanza na nusu yake, na mwenye figo mbovu huhitaji tahadhari zaidi. Morfini ya maji hudumu mwilini saa nne hivi. Kwa hiyo anakunywa saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana na saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku anapewa dozi mbili kwa pamoja ili alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Jumla ni miligramu 30 kwa siku, sawa na mililita 30. Chupa ya nusu lita inamtosha zaidi ya wiki mbili, naye yuko nyumbani kwake.

Linganisha na desturi ya wodi nyingi: pethidini ya sindano, mgonjwa akilia. Anaanza kuumia, anamwita nesi, nesi anamtafuta daktari, daktari anaandika, kabati linafunguliwa. Sindano inapoingia, maumivu yameshapanda hadi juu, na dawa hiyo huisha nguvu ndani ya saa mbili au tatu. Ikirudiwa kwa siku nyingi, mabaki yake mwilini yanaweza kuleta degedege. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986: dawa ipite mdomoni, itolewe kwa saa, na ipande ngazi kwa ngazi. Neno gumu kulitimiza ni hilo la saa. Muuguzi ampe dawa mtu ambaye kwa wakati huo hasikii chochote, kwa sababu saa imefika. Mazoea yote ya wodi yanapinga jambo hilo, na daktari mgeni atatumia miezi kulifundisha.

Maumivu yakichomoza katikati ya saa, anapewa dozi moja ya ziada, na inaandikwa. Kesho yake dozi za ziada zinahesabiwa, na kiwango cha kawaida kinapandishwa kulingana nazo. Kipimo ni mkono wa mgonjwa mwenyewe: ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano vilivyonyooka maana yake hayavumiliki. Jana alionyesha vinne, leo viwili. Kama ni maumivu ya kuwaka moto yanayotambaa mguuni, kupandisha morfini peke yake hakutasaidia sana. Hapo huongezwa amitriptilini kidogo usiku, kidonge cha bei ndogo ambacho famasi nyingi za wilaya zinacho.

Tena morfini hufunga choo, na mwili hauzoei athari hiyo. Dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ileile, kwenye karatasi ileile. Pale Uganda waliwafundisha ndugu wa wagonjwa kukausha mbegu za papai na kuzisaga. Nimeona watu wakipuuza sehemu hii kwa kuiona ndogo. Mgonjwa asiyepata choo kwa siku sita huikataa dawa, na familia nzima inaondoka na imani kwamba morfini imemharibu.

Hatua ninayoiheshimu kuliko zote ilikuja mwaka 2004. Uganda ilirekebisha kanuni zake ili wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, yaani matibabu ya kutuliza mateso ya mgonjwa, waweze kuandika morfini, ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Dkt. Jack Jagwe alikuwa miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo serikalini. Ruhusa ilikwenda na mafunzo ya miezi tisa, ya darasani na ya vitandani, hivyo haikuwa kugawa madaraka ovyo. Faida yake inaonekana saa 8 usiku, mgonjwa akiwa na vidole vitano na daktari yuko mbali: aliye karibu anaruhusiwa kutenda.

Hofu ya wizi na uraibu ni ya haki, na ilijibiwa kwa daftari. Kabati lenye kufuli mbili, kila mililita inayotoka ina jina na saini, na kinachobaki kinapimwa. Kwa kuwa dawa ya kijani ni nyepesi mno, haimvutii sana mtafuta ulevi. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye uhaba. Tume ya jarida la tiba la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zilipata tani 0.1 tu.

Unga hauagizwi kwa dharura. Chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, kila nchi hupeleka makadirio yake ya mwaka kwenye bodi ya kuzidhibiti iliyoko Vienna. Makadirio hujengwa juu ya matumizi yaliyoandikwa. Hospitali isiyoandika haihesabiwi, na isiyohesabiwa haipelekewi. Ndiyo maana daktari wa maumivu anayeripoti kazini mahali padogo ningemshauri siku yake ya kwanza aimalizie famasi, na daftari mkononi, kabla ya kuzunguka wodi.

Kisha amtembelee anayepanga zamu. Muuguzi akishahitimu tiba shufaa, mara nyingi hupangiwa wodi nyingine kwa sababu watu ni wachache, na alikotoka hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kusaini. Chupa zinabaki kabatini zimejaa, na wagonjwa wanarudishwa kwenye parasetamoli.