Kurudisha Mafuta Kwenye Tui

Mwaka 2017 jarida la madaktari wa nywele lilichapisha taarifa kutoka India kuhusu binti wa miaka 20 mwenye nywele ndefu. Alikuwa amepaka mafuta ya nyonyo pamoja na ya nazi, kisha akaosha, na nywele zikajisokota zikawa bonge moja gumu mfano wa kiota cha ndege. Chanuo halikupita. Ushauri aliopewa ulikuwa ni kulikata. Kichwa cha taarifa hiyo kinaitaja nyonyo kuwa ndiyo mkosaji, na tangu hapo wengi wanaoisikia habari hii hutoka na funzo moja tu, kwamba nyonyo ni hatari. Lakini madaktari wenyewe, ndani ya maelezo yao, wanataja mambo yanayokutana: urefu wa nywele, unato wa mafuta, sabuni na msuguano. Yaangalie mambo hayo kwa zamu. Urefu alikuwa nao miaka mingi. Mafuta yalikuwa kichwani kabla hajaingia bafuni, na kama unato peke yake ungetosha, nywele zingefungamana wakati wa kupaka. Yaliyobaki, sabuni na msuguano, ni ya bafuni. Nyonyo ilitayarisha mambo, uoshaji ukayakamilisha. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika kutoa mafuta kwenye nywele ndefu, kinachoamua matokeo ni kipi kinayagusa mafuta kwanza. Wingi wa shampuu na nguvu ya mikono huja nyuma sana.

Ili kuelewa kwa nini, twende jikoni. Tui la nazi ni mafuta ndani ya maji, na maji na mafuta, kama kila mtu ajuavyo, havipatani. Vinakaa pamoja kwa sababu mafuta yamesagika yakawa vitone vidogo mno, na kila kitone kimevikwa utando wa protini unaokizuia kisiungane na mwenzake. Weupe wa tui ni mwanga unaotawanywa na vitone hivyo. Anayepika mafuta ya nazi nyumbani huchemsha tui mpaka utando ule uharibike, vitone viungane na mafuta yaelee juu, safi na angavu. Sasa, kuosha nywele zilizopakwa mafuta ni safari hiyohiyo kwa kurudi nyuma. Una mafuta angavu yaliyolala juu ya kila unywele, na unataka kuyarudisha kwenye tui ili maji yaweze kuyachukua. Unahitaji vitu viwili: vidole vya kuyasaga na kitu cha kuyavika utando. Maji hayana utando wa kutoa. Shampuu inao, kwa kuwa viambato vyake vina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Kondishena nayo inao, kwa njia yake ya upole zaidi. Na la kupendeza ni kwamba viambato vingi vya shampuu hutengenezwa kutokana na mafuta ya nazi yenyewe au ya kokwa za mawese. Kinachoyatoa mafuta ya nazi kichwani mara nyingi ni ndugu yake wa damu.

Mazoea ya wengi, hata hivyo, ni kuanza na maji. Kichwa kinalowanishwa mpaka kichuruzike, ndipo shampuu imiminwe. Hapo makosa yanaanza kupandana. Unywele uliozama hunywa maji mpaka karibu asilimia 30 ya uzito wake, hutuna, na magamba yake ya nje hupoteza ulaini wake. Mafuta yaliyo juu hayajasogea, bado yamegandisha unywele kwa unywele. Shampuu inayokuja inakuta maji yamejaa kila upenyo, inachujuka, inateleza juu ya tabaka la nje na kuishia kwenye bomba la maji machafu. Povu halitoki, kwa sababu mafuta huua povu. Anayeosha anaona hakuna povu, anadhani hakuna kinachofanyika, anaongeza shampuu, anazikusanya nywele zote utosini na kuzifikicha kwa mizunguko kama anayefua shati.

Msuguano wa namna hiyo ndio uliomponza yule binti, na inafaa tuutazame kwa karibu. Magamba ya unywele yamepangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Chukua suke la mpunga ulitie ndani ya mkono wa shati: kila ukitikisa mkono, suke linapanda upande mmoja tu, halirudi. Unywele unaosuguliwa na wenzake hufanya vivyo hivyo, husogea kuelekea shina lake na haurudi ulikotoka. Ndivyo sufu ya kondoo inavyogeuzwa kitambaa kigumu cha kofia kwa maji, sabuni na msuguano tu, bila uzi wala sindano. Kwenye kichwa chenye nywele fupi ncha zinajinasua. Kwenye nywele za sentimita 60, ambazo ncha zake zina umri wa miaka minne au zaidi na magamba yamechakaa, kila mzunguko wa mkono unafunga kitanzi kipya. Nyonyo inaongeza lake hapo. Sehemu kubwa yake, takriban asilimia 85 hadi 90, ni asidi ya risinoleiki, ambayo huyafanya mafuta hayo kuwa mazito zaidi ya mara 10 kuliko ya nazi. Yanashikilia kitanzi kikae mahali kilipofungwa.

Nazi nayo ina mtego wake, na watu wa pwani hawaujui kwa kuwa hauwapati mara nyingi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Dar es Salaam au Mombasa chupa inakaa maji karibu mwaka mzima. Nairobi, Arusha au Njombe mwezi wa Julai, chupa hiyohiyo ni nyeupe na ngumu kama samli, na huchotwa kwa kijiko. Mtu wa huko anayefungua bomba la maji baridi juu ya nywele zilizojaa mafuta ya nazi anayagandisha palepale yalipo, kisha anaanza kuyasugua. Maji ya uvuguvugu yanatosha kuondoa tatizo hilo. Wanaosema dawa ni maji ya moto wamepata nusu ya jambo: moto huyalainisha mafuta yakatiririka, lakini hauyaviki utando, hivyo yanatoka shina yakatulia nchani.

Basi utaratibu unaofuata kutoka kwenye hoja hii ni wa kugeuza mpangilio. Nywele zikiwa kavu na mafuta yake, gawa kichwa vifungu, vinne kwa nywele nyororo, sita au vinane kwa nywele za kipilipili zilizojaa. Chukua kondishena ya kutosha, ya kawaida isiyo na mafuta mengi zaidi, na upake kifungu kimoja kuanzia pale mafuta yalipo mengi. Shika kifungu kwa mkono wa kushoto, na kwa vidole vya kulia minya ukishuka chini, usirudi juu. Mwanzoni kinateleza na kung'aa. Baada ya dakika moja au mbili mng'ao unafifia, na ukiongeza maji kiganja kimoja tu, rangi inageuka: kati ya vidole unaona weupe ukichuruzika. Hilo ni tui. Mafuta yamepata utando na sasa maji yana la kuchukua. Ndipo usuuze, kisha ulete shampuu kwenye ngozi ya kichwa na kuiacha ishuke yenyewe. Povu la mara ya kwanza likiwa hafifu usihangaike, kwa sababu ukosefu wa povu ni dalili kwamba mafuta bado yapo na yanafanyiwa kazi. Povu la mara ya pili ndilo la kusoma. Kwa nyonyo iliyopakwa nyingi, kondishena huenda isitoshe na itabidi shampuu yenyewe ipakwe kwenye nywele kavu, baada ya kuzimuliwa kidogo ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba.

Hapo panaibuka pingamizi la haki: shampuu kali kwenye unywele mkavu itaukausha. Ingekuwa kweli kama unywele ungekuwa mtupu. Lakini huu umevaa mafuta, na shampuu inakutana nayo kabla ya kuufikia. Zaidi ya hayo, anayeanza na maji huishia kuosha mara nne au tano kwa hasira, na hesabu ya ukavu wake ni kubwa kuliko ya mara mbili zilizopangwa. Wengine hutetea unga wa dengu au wanga wa mahindi. Hunyonya mafuta, ndiyo, ila katika nywele ndefu tatizo la kutoa mafuta linageuka kuwa tatizo la kutoa unga. Ute wa njano wa yai una lesithini, ambayo kweli huvika mafuta utando, na ni dawa nzuri mpaka mtu ausuuze kwa maji ya moto akajipikia yai kichwani. Magadi ya kupikia hayana utando wa kutoa, yanapandisha tu ukali wa maji na kuutunisha unywele.

Sabuni ya mche inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo iliyo karibu na watu wengi. Ni sabuni halisi, inayavika mafuta utando sawasawa, na kwenye maji laini ya mvua inafanya kazi. Lakini maji ya visima vya Unguja na sehemu kubwa ya pwani yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yakabeba chokaa. Chokaa na sabuni vikikutana huzaa ukoko mweupe, uleule unaoganda pembeni mwa beseni, na ukoko huo unakaa juu ya magamba ya unywele. Mtu anausikia mkononi kama nta, anadhani ni mafuta yamebaki, anaosha tena kwa sabuni ileile. Majani ya mkunazi, ambayo Oman huuzwa yakiwa yamesagwa, hayana kasoro hiyo: povu lake linatokana na saponini, ambazo hazigombani na chokaa namna hiyo. Nguvu yake ni ndogo kwa nyonyo nyingi, lakini kwa mafuta ya nazi ya kiasi inatosha, na walioyatumia tangu kale hawakukosea.

Wapo pia wanaouliza kwa nini yatolewe yote ikiwa mafuta yana faida. Utafiti wa Rele na Mohile wa mwaka 2003, uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yatokanayo na petroli, ulionyesha kwamba ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa hupenya ndani. Huo ni utetezi wa kupaka kabla ya kuosha. Yaliyopenya hayatolewi na uoshaji wa kawaida, yaliyobaki nje ndiyo yanayovuta vumbi na kuziba ngozi ya kichwa.

Linabaki suala la mkao, ambalo halipewi uzito linaostahili. Kuinama mbele ya ndoo kunazipindua nywele, kunazirundika juu ya utosi na kuzilazimisha zipishane kinyume cha magamba yake, hata kabla mkono haujagusa. Kwenye beseni la saluni, mteja akiwa amelaza shingo nyuma, nywele zinaning'inia kama zilivyoota. Nyumbani, kusimama wima na kumimina maji kwa kopo kutoka nyuma ya paji la uso kunaleta hali hiyohiyo. Kwa nywele za kipilipili, kila kifungu kisokotwe kabla ya maji na kisuuzwe kikiwa kimesokotwa, kisha kifunguliwe kimoja kimoja. Maji yanayodondoka nchani yatakuwa meupe mwanzoni, yatapauka, na yakishakuwa angavu kifungu hicho kimekwisha.