Nani Anashika Kamera? Filamu ya Supa Modo na Ufundishaji wa Picha katika Somo la Fasihi

Filamu iliingia katika somo letu la fasihi kupitia mlango wa nyuma. Mtihani ukikaribia na wanafunzi hawajakimaliza kitabu teule, mwalimu hualika kundi la waigizaji au hununua kanda ya maigizo, wanafunzi wakaketi ukumbini kwa saa mbili, na shughuli ikaishia hapo. Katika matumizi hayo filamu haichukuliwi kuwa matini. Ni muhtasari wenye sauti. Mwanafunzi aliyemwona Sara wa Bembea ya Maisha (Timothy Arege) kwenye kanda hutoka akiamini kwamba Sara ana uso ule ule wa mwigizaji, na ukimuuliza kuhusu maelekezo ya jukwaa hana la kusema, kwa kuwa kanda ilikwisha kumfanyia maamuzi yote. Ni nani aliyeyafanya maamuzi hayo, na kwa nini kamera ilimwelekea Sara badala ya Yona anayemsikiliza, ni maswali ambayo aghalabu hatuyaulizi.

Dai la makala haya ni kwamba mwanafunzi hujifunza kuihoji picha anapoitengeneza mwenyewe. Kumwonyesha filamu pekee, hata iwe bora kiasi gani, hakutoshi. Tutalitetea dai hili kwa kuihakiki Supa Modo (2018), filamu iliyoongozwa na Likarion Wainaina, kwa sababu kutengeneza filamu ni sehemu ya msuko wake. Isitoshe, wahusika wake huzungumza Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza kwa kuvichanganya kama wanafunzi wetu wanavyofanya mara tu kengele ya mapumziko inapolia. Wapo walimu watakaoikataa kwa hilo tu. Nadhani watakuwa wanaitupa mali, kwa maana hapo ndipo mjadala kuhusu rejista na mandhari unapoweza kupata mifano iliyo hai.

Jo, mhusika mkuu, ni msichana wa miaka tisa mwenye ugonjwa usioponyeka. Mamake, Kathryn, anamrudisha kijijini Maweni ili siku zake za mwisho zimkute nyumbani. Mtoto huyu anapenda mno filamu za Jackie Chan na hadithi za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Dadake, Mwix, anashirikiana na wanakijiji kumwaminisha kwamba yeye pia ana nguvu hizo. Hatimaye kijiji kinajitosa kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo.

Filamu hii ilionyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018, na Kenya ikaiteua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar za mwaka 2019, ijapokuwa haikufika kwenye orodha ya mwisho. Wengi waliozungumza nami kuihusu wamekomea kwenye huruma: mtoto anakufa, kijiji kinaungana, mtazamaji analia. Sina ugomvi na machozi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeandika kwamba dhamira ya Supa Modo ni umoja na upendo hajaihakiki filamu, ameeleza alivyojisikia.

Tukiitazama kwa makini, tunaona kwamba kijiji cha Maweni kinatunga mara mbili. Utungo wa kwanza hauna kamera. Wanakijiji wanaigiza mbele ya macho ya Jo ili aamini kuwa nguvu zake zinafanya kazi. Hapo Jo ni mtazamaji. Anachokiona kimepangwa na wengine, na waliokipanga wanataka asijue kwamba kimepangwa. Utungo wa pili una kamera, mavazi na mwelekezi. Hapo Jo ni mwigizaji, na anaijua kila hila inayotumika. Kinaya kikubwa cha filamu kimo katika tofauti hii. Kwa upande wa picha, utungo wa pili ndio wenye uongo mwingi zaidi, maana lengo lake hasa ni kuonyesha yasiyowezekana. Lakini Jo hadanganywi hata chembe. Katika utungo wa kwanza kila kitu ni halisi, watu ni wale wale majirani na mchana ni ule ule, ila mtoto amezungukwa na udanganyifu wa watu wanaompenda.

Ningependa mwalimu mwenzangu aisimamishe filamu katika sehemu hiyo ya kwanza na kuliuliza darasa swali moja tu: je, Jo anaamini? Jibu lisitolewe kwa kukisia. Litafutwe usoni mwake, katika urefu wa kimya chake, na katika kile ambacho kamera inachagua kutuonyesha mara tu baada ya kumwonyesha yeye. Darasa langu la Kidato cha Tatu liligawanyika katika makundi mawili yenye nguvu sawa, na wale waliosema Jo anajua tangu mwanzo ndio walioomba tuirudie sehemu hiyo. Katika kufundisha riwaya sijapata kuombwa na mwanafunzi turudie ukurasa.

Lipo hata hivyo jambo ambalo filamu yenyewe inalipita upesi. Jo yuko mbele ya kamera. Nyuma ya kamera wapo wakubwa. Ni ndoto yake, lakini wanaoisimamia ni dadake pamoja na Mike, mwenye kuonyesha filamu kijijini. Mgonjwa wa miaka tisa hawezi kutarajiwa kubeba kila kitu, kweli, na si kosa la msuko. Ila ni kasoro ya mtazamo, na inatuhusu sisi walimu moja kwa moja, kwa sababu tumeirudia shuleni tena bila udhuru wa ugonjwa.

Chukua filamu zinazoletwa kwenye mashindano ya drama na filamu ya shule na vyuo. Zipo zilizotungwa na wanafunzi kwa jasho lao, na mara nyingi utazijua kwa sauti isiyosikika vizuri na wazo lisilotarajiwa. Zipo pia zinazong'aa kupita kiasi. Shule moja ilikodi mpiga picha, mhariri na mwandishi wa mswada, wote watu wazima wa kulipwa, na wanafunzi wakafundishwa tu mahali pa kusimama na maneno ya kusema. Kombe huenda likapatikana. Lakini mwanafunzi wa namna hiyo amefunzwa kupigwa picha, na hilo simu ya mjombake ilikwisha kumfunza. Kazi ya fikra, yaani kuchagua kinachoingia kwenye fremu na kinachoachwa nje, imefanywa na aliyekodishwa.

Kazi hiyo haihitaji vyombo vya bei ghali. Mapema katika karne ya 20, Mrusi Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo kila mwalimu anaweza kulirudia. Aliuchukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote maalumu, akaupachika kando ya picha ya sahani ya supu, kisha jeneza lenye mtoto, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, majonzi na tamaa katika uso ule ule mmoja, wakamsifu mwigizaji kwa ufundi wake.

Shuleni kwetu, kama ilivyo katika shule nyingi za bweni, simu ni marufuku kwa mwanafunzi. Tulitumia yangu. Msichana mmoja aliketi dirishani akitazama mbele bila kutabasamu wala kununa, tukamrekodi kwa sekunde tano. Kisha makundi yakaenda kutafuta picha ya kuunganisha na uso huo. Kundi la kwanza lilileta sahani tupu ya githeri, la pili lango la shule lililofungwa, la tatu karatasi ya mtihani yenye wino mwekundu. Tulipozionyesha kwa darasa la pili ambalo halikujua lolote, tuliambiwa kwamba msichana ana njaa, kwamba amefukuzwa karo, kwamba amefeli na anamwogopa babake. Mmoja aliapa kuwa ameona chozi. Mwenye uso akacheka, akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nangojea kengele tu."

Tangu siku hiyo istilahi kama taharuki na kinaya hazikuhitaji kukaririwa. Kilichonifurahisha zaidi ni swali jipya lililozuka darasani kila picha ilipotajwa: kabla ya hii kulikuwa na nini? Mnamo Juni 2024, wakati wa maandamano dhidi ya Muswada wa Fedha, vijana wa rika la wanafunzi wetu walipata habari zao nyingi kutoka kwenye vipande vya sekunde chache vilivyosambazwa kwa simu. Kipande kinaweza kuwa cha kweli tangu mwanzo hadi mwisho na bado kikapotosha kwa sababu ya kilichokatwa. Siku hizi akili unde huweza kutoa picha ya tukio ambalo halikutokea, na swali la aliyeshika kamera likakosa jibu kwa kuwa kamera haikuwapo. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Ukiachiwa mwalimu wa kompyuta peke yake, utaishia kwenye kubofya vitufe. Kuihoji masimulizi ni kazi yetu sisi wa fasihi, na tumekuwa tukiifanya kwa maneno miaka yote.

Aidha, wanafunzi hawaji darasani mikono mitupu. Wamekua wakimsikiliza DJ Afro akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani, kama Watanzania walivyomsikiliza Lufufu. Msimulizi wa aina hii haitafsiri filamu, huitunga upya. Humpa shujaa jina la mtaani, humdhihaki adui, na hutuambia tumhurumie nani. Wapo wanaoyaona hayo kuwa ni kelele za vibanda vya video. Kwa maoni yangu, ni somo zuri mno la nafsi ya usimulizi na mtazamo, na ni fasihi simulizi iliyopata skrini. Mpe mwanafunzi dakika tatu za filamu isiyo na sauti, aisimulie akimpendelea shujaa, kisha mwenzake aisimulie akimpendelea adui. Picha hazitabadilika hata moja.

Limebaki jambo la uso wa mtoto mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa, na uso uliorekodiwa ni data. Shule nyingi hupakia video za wanafunzi kwenye kurasa zao za mitandao kana kwamba sare ya shule ndiyo idhini. Katika darasa langu kanuni ni mbili: barua ya mzazi huja kabla ya kurekodi, na aliyeonekana kwenye fremu ana haki ya kusema kipande chake kifutwe, bila kutakiwa kueleza sababu. Yule msichana wa dirishani alikubali vipande viwili vibaki. Kile cha lango lililofungwa alitaka kifutwe, nasi tukakifuta mbele yake.