Dhiki tunayoiruka: Ruth First na Abdilatif



Hivi tukitaja Sauti ya Dhiki (1973) huwa tunasema nini? Kwamba Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?, akawekwa peke yake, akaandika kwa siri kwenye karatasi za choo. Halafu twarukia "Siwati": msimamo, ushujaa, siasa, basi. Dhiki yenyewe, iliyo kwenye jina la kitabu, twaipita.

Huku Johannesburg nafundisha 117 Days (1965) ya Ruth First, nacho kimenibadilishia usomaji. Mama huyu alikamatwa Agosti 1963 maktabani, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kwa sheria iliyoruhusu polisi kumfungia mtu siku 90 bila kesi. Alianzia Marshall Square, kituo cha polisi katikati ya mji. Kitabu aliruhusiwa Biblia tu. Siku alizihesabu kwa kuzishona kwa uzi nyuma ya kola ya vazi lake. Zilipotimia 90 akaachiwa, na kabla hajafika mbali akakamatwa tena. Hapo ndipo alipovunjika: alianza kutoa maelezo kwa polisi, akajiona msaliti, akajaribu kujiua. Alinusurika. Na yote haya kayaandika mwenyewe bila kujipamba.

Sasa rudini kwa "Siwati". Mara ya kwanza mtasikia kiapo. Kisomeni tena mkikumbuka kwamba msemaji yuko peke yake, hana wa kumjibu, na mtasikia mtu anayejishikilia asianguke. Asiyetikiswa hana haja ya kujiapia mara zote hizo, ama vipi?

Kuna watakaosema namfanya mshairi mgonjwa. La hasha! Nasema upweke wa jela ni mateso ya akili, na uhakiki unaomsifu mfungwa kama jiwe unawasitiri waliomfunga. (Tena tuzo aliyopata 1974 ilikuwa na jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani. Sijui alicheka au vipi.)

Na baada ya kutoka? First alihamia Uingereza 1964, na mwaka 1966 akaigiza nafsi yake katika filamu ya BBC kuhusu kifungo kile kile. Jamani, kurudi seli kwa hiari mbele ya kamera! Abdilatif alikwenda Tanzania, kisha Uingereza na Ujerumani, na sisi tuliofaidi usomi wake tukaendelea kumuuliza habari za siasa tu.

Muhula ujao nafundisha vitabu hivi pamoja, First kwanza. Wenzangu mnaofundisha Sauti ya Dhiki, mwaanza na shairi gani?